UZI: Tunapimaje kwa haki ubora wa utafiti wa vyuo vikuu? Makala ya Mpemba ingepata alama ngapi leo?

Mkutubi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Kila msimu wa kupandisha vyeo unapokaribia, wahadhiri wengi huanza kuhesabu. Huhesabu makala, huhesabu mara walizorejelewa na wengine, hutafuta hadhi ya jarida mtandaoni, kisha hujaza fomu ambayo karibu kila safu yake inadai namba. Swali ambalo fomu hiyo hailiulizi ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, utafiti wenyewe ni mzuri? Ningependa tulijadili hilo kwa utulivu, na nitaanza na makala moja ambayo wengi wetu tunaifahamu angalau kwa jina la mwandishi wake.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliona kwamba mchanganyiko wake wa maziwa na sukari, ambao aliuingiza kwenye friji ungali moto, uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja shuleni hapo kutoa mhadhara. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka, aliahidi kulifanyia majaribio, akalifanyia, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala fupi katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa anasomea usimamizi wa wanyamapori Mweka, karibu na Moshi.

Sasa tuichukue makala hiyo tuipeleke mbele ya kamati ya leo. Physics Education ni jarida la walimu wa fizikia, si jarida ambalo wanafizikia wakubwa hupigania kuchapisha humo. Mwandishi wa kwanza hana shahada. Makala ni fupi, na vifaa vya majaribio ni vya kawaida kabisa. Kwa mfumo unaotazama jina la jarida na marejeleo ya miaka miwili ya mwanzo, makala hii ingepata alama za kuhurumiwa. Hata hivyo jina la Mpemba limeingia katika fizikia na halijatoka. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kueleza tukio hilo, na watu zaidi ya 22,000 walituma majibu. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha uchunguzi makini uliosema kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa maji ya moto huganda mapema kuliko ya baridi. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, watafiti wa Kanada, walionyesha katika jarida la Nature kwamba katika mfumo mwingine, wa chembe ndogo zilizo ndani ya maji, kitu chenye joto zaidi kweli kinaweza kupoa upesi kuliko chenye joto kidogo.

Kwa hiyo makala ile ni nzuri au si nzuri? Jibu la haki ni kwamba inategemea unauliza nini. Wazo lake lilikuwa jipya machoni pa wanafizikia wa wakati ule, ingawa Aristotle alishaandika jambo la kufanana nalo. Umakini wa vipimo vyake unaweza kukosolewa, na umekosolewa. Uzito wake umeonekana polepole, kwa zaidi ya miaka hamsini. Ukivikusanya vitu hivi vitatu ukavigeuza kuwa namba moja, hutakuwa umeipima makala; utakuwa umeificha.

Vigezo hivyo vitatu sikuvibuni mimi. Upya, uzito na umakini ndivyo vinavyotumiwa na Uingereza katika zoezi la kitaifa la kutathmini utafiti wa vyuo vikuu, ambalo lilianza mwaka 1986 na tangu mwaka 2014 linaitwa REF. Katika awamu ya mwaka 2021, vyuo 157 viliwasilisha kazi zaidi ya 185,000, ambazo zilisomwa na majopo ya wataalamu yaliyogawanywa katika nyanja 34. Kila kazi ilipewa nyota kuanzia moja hadi nne, au haikupewa kabisa. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba majopo yalikatazwa kutumia hadhi ya jarida kama kigezo. Makala iliyotoka Nature na ile iliyotoka katika jarida dogo zilipaswa kusomwa kwa jicho moja. Kama jicho hilo kweli lilikuwa moja nyakati zote ni suala jingine, lakini angalau kanuni iliandikwa.

Kile tunachokiita hadhi ya jarida, yaani wastani wa kurejelewa kwa makala zake, hakikutengenezwa kumpima mtu. Eugene Garfield, aliyeanzisha faharasa ya marejeleo ya sayansi huko Philadelphia katika miaka ya 1960, alihitaji njia ya kuamua majarida yapi yaingizwe kwenye faharasa hiyo, na wakutubi wakapata njia ya kuamua majarida yapi yanunuliwe. Hesabu yake ni rahisi: chukua marejeleo ya mwaka huu kwa makala zilizotoka katika jarida hilo ndani ya miaka miwili iliyotangulia, ugawanye kwa idadi ya makala hizo. Kwa mkutubi mwenye bajeti finyu hicho ni chombo kizuri, nami nimekitumia. Kosa ni kukitoa maktaba na kukipeleka kwenye kamati ya vyeo. Tuseme jarida lilitoa makala 100 na zikarejelewa mara 400. Wastani ni 4. Lakini huenda makala 10 tu ndizo zilizoleta marejeleo 300, na nyingine 90 zikagawana mia moja yaliyobaki. Mhadhiri ambaye makala yake imo katika zile 90 anavaa sifa ya wenzake, na aliyechapisha kazi bora katika jarida lenye wastani wa 0.5 anavuliwa sifa yake mwenyewe.

Kuhesabu marejeleo ya makala yenyewe ni afadhali kidogo, ila nako kuna mitego. Makala iliyorejelewa kuliko zote ambazo orodha za namna hii zimewahi kuonyesha ni ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini katika mchanganyiko. Ilipohesabiwa mwaka 2014 ilikuwa imepita marejeleo 300,000. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA haiikaribii hata kidogo. Hakuna anayedhani kwamba ya kwanza ni kubwa zaidi kisayansi. Ni kwamba kila anayetumia njia fulani ya maabara huitaja, ilhali ugunduzi unaoingia katika kitabu cha kidato cha nne huacha kurejelewa, kwa kuwa umekuwa maarifa ya wote. Kwa upande mwingine, makala ya Wakefield ya mwaka 1998 iliyodai uhusiano kati ya chanjo na usonji ilirejelewa sana, mara nyingi na watu waliokuwa wanaipinga, kabla ya jarida la The Lancet kuifuta mwaka 2010.

Msimamo wangu ni huu: kamati ambayo haikusoma kazi haina haki ya kuipima. Mtafiti achague kazi chache anazoziona bora, tatu au nne, aeleze kwa aya moja kila moja ina jambo gani jipya, kisha watu wanaoelewa fani yake wazisome. Namba zije baadaye, tena kama maswali. Nasubiri michango yenu, hasa ya wasiokubaliana nami.

Mtakwimu

Mkutubi, nimesoma uzi wako wote na nakubaliana na nusu yake. Nusu nyingine inanitia wasiwasi.

Unasema kamati isome. Naomba tujiulize ni kamati ipi hiyo. Katika idara zetu nyingi wataalamu wa fani moja hawazidi watano, wamesomeshana, wamesimamiana tasnifu, wamegombania uongozi wa idara, na wengine ni ndugu au mashemeji. Mhadhiri kijana asiye na mtu wa kumsemea anaipenda namba kwa sababu namba haimjui baba yake. Ukiiondoa, unamrudisha mikononi mwa wazee wanaoweza kusema “kazi hii haina uzito” bila kulazimika kueleza uzito ni nini.

Wala hili si tatizo la Afrika peke yake. Mwaka 1982 Peters na Ceci walichukua makala 12 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa na watafiti wa vyuo mashuhuri vya Marekani, wakabadilisha majina ya waandishi na kuweka majina ya taasisi za kubuni zisizojulikana, kisha wakazirudisha kwenye majarida yaleyale yaliyozichapisha. Makala tatu tu ndizo zilizogunduliwa. Kati ya tisa zilizobaki, nane zilikataliwa, nyingi kwa maelezo kwamba zina kasoro kubwa za kimbinu. Jaribio lenyewe limekosolewa kwa udogo wake na kwa suala la maadili, lakini matokeo yake hayajapata maelezo mazuri hadi leo.

Kisha kuna Sweden, nchi inayosifika kwa usawa. Mwaka 1997 Christine Wennerås na Agnes Wold walichapisha katika Nature uchambuzi wa alama zilizotolewa na wasomaji wa baraza la utafiti wa tiba la nchi hiyo, baada ya kupigania mahakamani haki ya kuziona nyaraka. Walikuta kwamba mwanamke alihitaji kuwa na kazi mara 2.5 zaidi ya mwanamume ili aonekane na wasomaji hao kuwa na uwezo sawa naye. Walikuta pia kwamba kufahamiana na mjumbe wa jopo kulimwongezea mwombaji alama. Hao walikuwa wataalamu waliosoma maombi, kama unavyotaka. Je, Mkutubi, msomaji wako atalindwa na nini asifanye hivyohivyo?

Mkutubi

Mtakwimu, nakushukuru. Mfano wako wa Sweden ndio ninaoutaka, na naomba tuutazame tena kwa makini, kwa sababu naona unasaidia upande wangu kuliko unavyodhani.

Wennerås na Wold waliugundua upendeleo ule kwa njia gani? Kwa hesabu. Walichukua idadi ya makala za kila mwombaji, hadhi ya majarida na marejeleo, wakalinganisha na alama zilizotolewa na wasomaji, na tofauti ikajitokeza kwenye kundi zima. Hawakumpima mwombaji mmojammoja wakasema huyu apate na huyu akose. Waliwapima waliokuwa wanapima. Hapo ndipo ninapoona mahali halali pa namba: kwenye kundi kubwa zinaweza kuonyesha kwamba wanawake, au wahitimu wa chuo fulani, au wanaoandika kwa lugha fulani wanapewa alama ndogo kuliko kazi zao zinavyoashiria, na kamati ikatakiwa kujieleza. Kwa mtu mmoja mwenye makala sita, namba hizohizo hutikisika mno hata hazibebi uamuzi. Kwa maneno mengine, msomaji ampime mtafiti, na hesabu imkague msomaji. Vyuo vyetu vimeligeuza jambo hili kichwa chini miguu juu: hesabu inampima mtafiti, na msomaji hakaguliwi na yeyote.

Nakubali kwamba undugu upo. Dawa yake ni kuwatoa wasomaji nje ya idara, kuwataka waandike sababu zao, na kumpa mtafiti nafasi ya kuziona sababu hizo hata kama majina yanafichwa. Msomaji anayejua kwamba maandishi yake yatasomwa na anayehusika huandika kwa uangalifu. Namba haina sababu za kuandika, na kwa hiyo haiwezi kukatiwa rufaa. Hili huwa halitajwi na wanaosema kwamba namba ndiyo kinga ya mnyonge.

Tena namba si kipofu kama tunavyoambiwa. Italia ilipitisha sheria mwaka 2010 iliyofanya vipimo vya marejeleo kuwa sharti la kupanda cheo. Baccini na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba baada ya hapo watafiti wa Italia walianza kujirejelea wenyewe na kurejeleana ndani ya nchi kwa kiwango ambacho hakikuonekana katika nchi nyingine kubwa zilizolinganishwa nao. China, ambayo kwa miaka mingi vyuo vyake viliwalipa watafiti fedha taslimu kwa kila makala iliyotoka katika majarida yaliyo kwenye faharasa za kimataifa, iliagiza mwezi Februari 2020 malipo hayo yakome na vyuo viache kuzifanya idadi za makala kuwa kipimo kikuu. Nasi Tanzania tumeanza kutoa tuzo ya fedha kwa wanaochapisha katika majarida ya juu ya kimataifa. Siipingi tuzo, mtafiti akipongezwa nafurahi. Naomba tu tuzo isigeuke kuwa kipimo cha kila mtu.

Kuhusu gharama, kabla hujaniuliza: ndiyo, kusoma ni ghali. REF ya mwaka 2021 ilikadiriwa kugharimu pauni milioni 471, karibu mara mbili ya ile ya mwaka 2014. Hatuwezi kuiga ukubwa huo na hatuna sababu ya kuuiga. Lakini hata wao waliamua kusoma kidogo: idara ilitakiwa kuwasilisha wastani wa kazi 2.5 kwa kila mtafiti, mtu mmoja asizidi tano, na waliokuwa na likizo ya uzazi au ugonjwa wa muda mrefu waliruhusiwa kupunguziwa. Anayejua kwamba zitasomwa kazi mbili tu hana haja ya kuikata tasnifu yake vipande saba.

Mtafiti wa Kilimo

Wakuu, naomba niingize jambo ambalo halijaguswa. Mnazungumza kana kwamba ubora wa utafiti unaishia kwenye makala. Sisi tulio mashambani tunaulizwa na wakulima swali jingine kabisa: umetusaidia nini?

Tuchukue mfano wa Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimefanya kwa miaka mingi utafiti wa panya waharibifu wa mazao, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji. Mtu wa nje angeuona utafiti huo kuwa wa kawaida sana: panya wangapi kwa ekari, wanazaana lini, wanakula nini. Mwaka 2000 shirika la APOPO likaweka makao yake hapo chuoni na kuanza kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Panya waliofundishwa Morogoro wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana mwaka 2015, na Kambodia, ambako panya aitwaye Magawa alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Ni safu gani ya fomu ya kupanda cheo inayomwingiza panya huyu?

Waingereza nao waliliona pengo hilo. Katika REF ya mwaka 2021 asilimia 60 ya alama zilitokana na kazi zilizochapishwa, asilimia 15 mazingira ya utafiti, na asilimia 25 manufaa nje ya chuo, yaani katika afya, sera, uchumi, utamaduni na mengineyo. Manufaa hayo hayakuhesabiwa kwa namba moja. Kila idara iliandika visa vyake, ikaambatanisha ushahidi, na majopo yakiwa na wajumbe wasio wanataaluma yakavisoma. Mkutubi atafurahi kusikia kwamba hata hapo walisoma.

Pamoja na hayo, naomba tusikimbilie kusema kwamba manufaa ndiyo kipimo cha haki kuliko vyote, kwa kuwa najua ugumu wake. Utafiti uliofanywa na watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara na wenzao katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wadogo. Baada ya hapo ikaja Hati Punguzo, yaani vocha za kununulia vyandarua kwa bei nafuu, na baadaye ugawaji wa vyandarua nchi nzima. Vifo vya watoto vilipungua. Je, nani anastahili sifa? Watafiti wa Ifakara, ndiyo. Lakini pia waliofanya majaribio kabla yao Gambia, Ghana na Kenya, na wizara, na wafadhili, na wauza vyandarua wa vijijini, na akina mama waliovitumia. Tukianza kumpa kila mtafiti alama kwa maisha yaliyookolewa, kila mtu ataandika kwamba yeye ndiye aliyeyaokoa. Mimi ningetaka tuulize jambo dogo zaidi linaloweza kuthibitishwa: ni uamuzi gani uliobadilika kwa sababu ya kazi hii, na ni nani nje ya timu ya watafiti anayeweza kulishuhudia hilo kwa maandishi?

Nyongeza fupi kuhusu muda. Katalin Karikó alishushwa cheo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1995 kwa kuwa utafiti wake wa mRNA haukuwa unavutia fedha. Makala yake na Drew Weissman ya mwaka 2005 ilitoka katika jarida la Immunity baada ya Nature kuikataa. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2023, baada ya chanjo za korona zilizotegemea kazi hiyo. Hakuna tathmini ya manufaa iliyofanywa mwaka 2006 ambayo ingemtambua, na nadhani tunapaswa kukubali kwamba tathmini yoyote, hata iliyo bora, itawapoteza watu wa namna hiyo isipokuwa pawepo fungu dogo la kuwaachia watu wafanye kazi bila kudaiwa matokeo ya haraka.

Mhadhiri Msaidizi

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mdogo kwenu kitaaluma na nimejifunza mengi katika uzi huu, ila naomba niseme hali ilivyo huku chini.

Karibu kila siku napokea barua pepe inayonialika kuchapisha katika jarida la “kimataifa” ndani ya siku tano kwa malipo ya dola mia na zaidi. Najua ni utapeli. Lakini kamati inayohesabu bila kusoma haiwezi kutofautisha makala hiyo na ile iliyonichukua miaka miwili, na kwa hiyo mwenzangu aliyelipa anatangulia kuwa mhadhiri mwandamizi. Afrika Kusini, ambako serikali huvipa vyuo ruzuku kwa kila makala iliyotoka katika jarida lililoidhinishwa, Mouton na Valentine walikuta mwaka 2017 makala 4,246 za watafiti wa nchi hiyo katika majarida 48 yanayoshukiwa kuwa ya kitapeli, kwa kipindi cha 2005 hadi 2014 tu. Na si majarida yasiyojulikana pekee: mwaka 2023 makala zaidi ya 8,000 za mchapishaji Hindawi, ambaye wakati huo alimilikiwa na kampuni kubwa ya Wiley, zilifutwa. Nyingi zilikuwa ndani ya faharasa zilezile ambazo kamati zetu huzitumia kama cheti cha usafi.

Swali langu ni hili. Mimi naandika kuhusu isimu ya Kiswahili, kwa Kiswahili. Nikiandika jambo lilelile kwa Kiingereza na kulipeleka Ulaya, nitapata alama zaidi, ingawa wasomaji wanaoweza kunisahihisha wako Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na Eldoret. Katika mfumo huo wa Mkutubi wa kusoma, nani atanisoma?

Mkutubi

Marahaba. Swali lako ndilo gumu kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na sitakupa jibu la kukufurahisha tu.

Kanuni ipo. Tamko la Leiden la mwaka 2015, lililotolewa na wataalamu wa vipimo hivihivi vya marejeleo, lina kanuni kumi, na ya tatu inataka ubora wa utafiti unaohusu mahali fulani ulindwe, ukiwemo ule unaoandikwa kwa lugha isiyokuwa Kiingereza. Tamko la San Francisco lililotangulia, la mwaka 2012, linataka hadhi ya jarida isitumiwe kabisa katika kuajiri na kupandisha vyeo. Tamko hilo la San Francisco limetiwa saini na taasisi nyingi duniani. Tatizo la saini ni kwamba mkuu wa chuo huitia, na fomu ya idara hubaki vilevile.

Tazama Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981. Ilikuwa kazi ya timu, ya miaka mingi, ya kukusanya na kupanga maneno na kubishania fasili moja baada ya nyingine. Imetumiwa na walimu, watangazaji, wafasiri na wanafunzi kwa zaidi ya miaka arobaini, na wanaoitumia mara nyingi hawaitaji popote, kwa kuwa hakuna anayeweka rejeleo kila anapofungua kamusi. Kwa hesabu ya marejeleo, makala tano zinazokosoa kamusi zinaweza kumfaa mtu zaidi kuliko kushiriki kuitunga. Kinyume chake kipo katika fizikia: mwaka 2015 makala moja kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilitoka na majina ya waandishi 5,154, na kila mmoja wao ana haki ya kuiandika katika wasifu wake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtafiti aeleze kwa maneno yake alifanya nini katika kazi ya pamoja. Mtunga kamusi aseme: herufi hizi nilizisimamia mimi, na mbinu hii ya kuchagua vidahizo niliipendekeza mimi. Wenzake watathibitisha au watakanusha.

Nani atakusoma? Desturi tayari tunayo, ila tunaitumia mahali pamoja tu. Kila mwaka vyuo vyetu huita watahini wa nje waje kupitia mitihani na tasnifu za wanafunzi. Profesa anasafirishwa, analazwa, analipwa posho, anasoma maandiko ya vijana wa shahada ya kwanza na kuandika ripoti. Ikiwa tunaweza kugharimia usomaji wa mtihani wa mwanafunzi, sioni tunashindwa vipi kugharimia usomaji wa makala tatu za mtu tunayetaka kumpa uprofesa mshiriki, tena kwa barua pepe, bila nauli. Vyuo vingine huwatumia wapitiaji wa nje kwa ngazi ya uprofesa, na hilo ni jema, lakini mara nyingi wapitiaji hao hupelekewa bahasha nene yenye makala ishirini na fomu ya alama, nao hufanya ambalo yeyote kati yetu angefanya: huhesabu.

Kwa fani ndogo kama yako, chuo kimoja hakitoshi. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, linaunganisha vyuo vya nchi zetu, na lingeweza kutunza orodha ya wasomaji kwa kila fani: mwanaisimu wa Eldoret amsome wa Dodoma, na wa Dodoma amsome wa Bujumbura. Msomaji asome kazi zisizozidi nne kwa mtu mmoja, aandike kurasa mbili, ajibu maswali matatu ya upya, uzito na umakini kila moja peke yake bila kuyajumlisha, na atangaze kama aliwahi kumsimamia au kuandika na anayesomwa. Alipwe kwa kiwango cha mtahini wa nje. Na baada ya kila miaka mitatu, Mtakwimu apewe alama zote bila majina, atuambie kama wanaoandika kwa Kiswahili wamepunjwa, kama wanawake wamepunjwa, na ni wasomaji gani ambao alama zao hupotoka daima upande mmoja. Hao wasiitwe tena.

Mtakwimu

Kazi hiyo nitaifanya, Mkutubi, kwa sharti moja: nipewe alama za waliokataliwa pia. Kamati zetu huhifadhi majalada ya waliopandishwa, na ya waliokosa huwa hayaonekani yanapotafutwa.